Feri Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi Mwanasaumu alifagia nyumba yao kuanzia chumba cha mbele mpaka uani, akateka maji kisimani, akamnawisha uso mdogo wake Rama, ndipo akashika njia ya shule. Walikaa Likoni, katika nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa na kuezekwa kwa makuti, mahali ambapo honi ya feri husikika vizuri. Honi ya kwanza ilipolia, baba yake, Mwidani, alikuwa ameshakunywa chai na kwenda zake. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta mitambo ya feri hiyo hiyo.

Mikono ya Mwidani haikujua kukaa bure. Alikusanya mbao za masanduku zilizotupwa bandarini, mabati ya madebe, nyaya na vipande vya ngozi, akavileta nyumbani na kuvigeuza vyombo vidogo. Alitengeneza basi lenye viti ndani. Alitengeneza garimoshi lenye mabehewa yanayofungana kwa kulabu, na winchi ya bandarini ya waya na bati, ambayo mkono wake ulizunguka ukiusukuma kwa kidole. Chombo cha mwisho, na kizuri kuliko vyote, kilikuwa feri. Aliipima feri yenyewe kwa hatua zake, kutoka mbele hadi nyuma, kisha kila hatua akaifanya upana wa kidole kimoja, ili ile ndogo isipungue wala isizidi. Milango ya kupandia magari ilishuka na kupanda kwa uzi. Bomba la moshi lilikuwa la bati, jekundu. Watu tu hakuwaweka. Rama alipomuuliza abiria wako wapi, baba alimjibu kuwa wamechelewa.

Vyombo hivyo vilikaa kidakani. Kidaka chenyewe Mwidani alikikata kwa mkono wake katika ukuta wa chumba cha mbele, kikapata kibao katikati: basi na winchi juu ya kibao, garimoshi na feri chini. Na kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, aliviteremsha kimoja kimoja, akavipanga kwenye mkeka barazani, akavifuta kwa unyoya wa kuku, akavigeuza chini juu, akavigongagonga na kuvitegea sikio. Wapita njia walisimama kutazama. Majirani walimtania, wakasema Mwidani ana watoto wawili wa kuzaa na wanne wa mbao, na wale wa mbao ndio wanaoogeshwa zaidi. Yeye alicheka tu. Hata Mwanasaumu alidhani baba anaringia kazi yake, basi.

Mwaka ule masika yalikuwa mazito. Mwidani alirudi kazini ameloa siku nyingi mfululizo, kikohozi kikamshika, kikashuka kifuani. Alivushwa kupelekwa hospitali ng'ambo, na aliporudi alikuwa amebebwa. Mwanasaumu alikuwa na miaka kumi na moja. Baba yake hakupata kupigwa picha hata moja maishani mwake, kwa hiyo yule aliyetaka kumkumbuka kwa macho hakuwa na pa kutazama ila kidakani.

Mama yao, Bi. Mapenzi, akaingia eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani mpaka siku zake zitimie. Hajipambi, hatoki pasipo dharura, na mwanamume anayeweza kumwoa haingii kuzungumza naye. Bi. Mapenzi alikaa katika chumba kile kile cha mbele, kitanda chake kikielekea kidaka. Matanga yalipokwisha na wageni kuondoka, alichukua kanga yake, akaitundika mbele ya kidaka kwa misumari, juu na pembeni, kikafunikika chote.

"Baba yenu ndiye wa mwisho kuvishika," aliwaambia watoto. "Asiguse mtu. Hata vumbi msifute. Nitafungua mimi, siku nitakayotoka eda."

Hakuna aliyebisha. Shangazi yao Waridi, dada wa marehemu, ambaye alikuja kukaa nao ili asaidie kupika na kwenda sokoni, alisema wifi yake amefanya vyema, maana Rama ni mtundu. Ami Kombe, seremala, aliyekuwa rafiki wa baba tangu chuoni walikosomea Kurani, alipita kila jioni kutoka karakana yake. Lakini aliishia barazani. Aliamkia kutoka nje, "Hamjambo, shemeji?" na Bi. Mapenzi alimjibu kutoka ndani kuwa hawajambo, alhamdulillahi. Kombe aliwaachia mihogo au samaki, akaenda zake. Adabu haikumruhusu kuingia, na kwa hiyo mtu pekee ambaye angeutazama ukuta ule akajua, hakuutazama.

Miezi ikapita. Alasiri moja mama alikuwa anaoga uani, shangazi kaenda dukani, Rama kalala. Mwanasaumu alikuwa akifagia chini ya kidaka. Alikumbuka namna baba alivyokuwa akiinama kuifuta feri, ulimi ukitokeza kidogo pembeni mwa mdomo, na hamu ikamshika vibaya. Akashika pembe ya kanga, akaifunua kidogo tu.

Feri ilikuwepo. Nyeupe, na bomba lake jekundu, vile vile kama baba alivyoiacha. Alipokuwa anataka kurudisha kanga, aliona kitu nyuma yake. Palikuwa na mstari wa udongo, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia, umetoka katika ufa wa ukuta, ukatambaa juu ya sakafu ya kidaka hadi chini ya feri. Mwanasaumu aliujua. Mistari kama ile aliiona kila siku kwenye nguzo za ua. Ilikuwa njia ya mchwa.

Akasikia kata ya mama ikigonga ndoo. Akaiachia kanga na kuendelea kufagia.

Usiku ule alitaka kusema, akashindwa. Angesema vipi bila kueleza kuwa amefunua? Mama alikuwa hali chakula vizuri, sauti yake imekwisha, na neno dogo lilimtoa machozi. Kesho yake njiani alimsimulia rafiki yake Philister, ambaye baba yake alitoka bara na alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufukweni. Philister hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mwambie leo," alisema.

"Atajua nimefunua."

"Si umefunua kweli?"

"Nimefunua, lakini alikataza. Na feri haijawa na kitu, wallahi. Nimeiona kwa macho yangu, nzima."

Philister alipiga jiwe teke, akalifuata, akalipiga tena. "Sasa wewe unaogopa nani, mama au mchwa?"

"Mama."

"Basi mchwa wakushukuru," alisema Philister.

Mwanasaumu alikasirika, hakusema naye mpaka kengele ya kuingia darasani. Moyoni alijiambia kuwa eda inakaribia kwisha. Mama atafungua mwenyewe, ataona mstari, ataufuta, na hakuna atakayejua kuwa mwingine aliuona kabla yake. Hesabu hiyo ilimtuliza. Aliirudia kila alipopita mbele ya kanga ile, na akajizoeza kupita akitazama upande mwingine.

Siku ikafika. Bi. Mapenzi alioga, akavaa nguo safi, akasomewa dua. Wanawake wa mtaani walijaa chumbani wakinywa chai kwa mahamri, na baada ya miezi ya kunong'ona, nyumbani zikasikika tena sauti za watu. Alipokwisha kuwashukuru, Bi. Mapenzi alisema sasa anataka kumtazama mumewe. Wote walielewa maana yake. Shangazi Waridi alisimama naye, wakang'oa misumari, kanga ikashuka.

Kila mtu alivuta pumzi, maana feri ilipendeza. Ilisimama pale nyeupe kama ya jana. Bi. Mapenzi alisema bismillahi, akainyooshea mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akaishika ubavuni ili aiinue.

Vidole vyake vikazama.

Hapakuwa na ubao tena, palikuwa na rangi tu. Ubavu wa feri uliingia ndani kama ganda la yai, milango ikaanguka na nyuzi zake, na kutoka tumboni ukamwagika udongo mkavu na mchwa weupe waliokuwa wakikimbilia giza. Bomba jekundu la bati liligonga sakafu, likabingirika mpaka miguuni pa Rama. Garimoshi lilikuwa limeliwa vile vile, mabehewa yote, isipokuwa kulabu.

Bi. Mapenzi alibaki amenyoosha mikono, rangi nyeupe imemshika vidoleni kama unga. Kisha akakaa chini pale pale na kuanza kuokota. Aliokota vigamba vya rangi, kimoja kimoja, akaviweka kwenye sahani, akijaribu kukumbuka kipi kilitoka wapi. Shangazi Waridi alileta ufagio. Bi. Mapenzi aliutazama ule ufagio, na shangazi akaurudisha jikoni.

"Wifi," aliuliza Waridi polepole, "siku zote hizi hukuona dalili yoyote?"

"Ningeona wapi? Sikufunua. Niliahidi sitafunua mpaka leo."

Mwanasaumu alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku, na wote walikuwa wakimtazama mama yake. Lakini mama alikuwa akiokota rangi sakafuni kwa kucha, na jambo hilo hakuweza kuliangalia.

"Mimi niliona," alisema. "Nilifunua siku moja, mama, ulipokuwa ukioga. Niliona njia ya udongo. Feri bado ilikuwa imesimama. Niliogopa utanigombeza."

Wanawake wakaanza kuinua vikombe ambavyo havikuwa na chai. Bi. Mapenzi aliuliza ilikuwa lini, na Mwanasaumu akamwambia. Mama alifikiri kidogo. Alipozungumza sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomwumiza mtoto.

"Nenda uani, Saumu. Nisikuone kwa sasa."

Alikwenda uani, akakaa nyuma ya jiko, akalia mpaka kichwa kikamwuma. Alilia kwa sababu ya mama. Kisha akalia kwa sababu ya baba, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi kwa kuwa siku hiyo alikuwa akimshika Rama. Alimfikiri baba, aliyepima feri nzima kwa hatua na kuzigeuza upana wa vidole. Alasiri ile feri ilikuwa bado imesimama. Labda palikuwa na kitu cha kuokoa, na labda hapakuwa. Hilo hatalijua kamwe.

Kesho yake ami Kombe aliingia ndani kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alimpa shemeji yake pole upya, akatazama sahani ya vigamba, akageuza uso kidogo. Halafu akafanya kazi. Aliingiza kisu katika ufa wa kidaka, udongo ukaporomoka, fito za ndani zikaonekana zimebaki maganda. Aliwaeleza kuwa mchwa hutoka ardhini, hupanda ndani ya fito za ukuta, hutafuta mti laini, na hakuna mti laini kuliko mbao nyeupe za masanduku. Hawapendi mwanga wala kusumbuliwa. Kitu kilichofunikwa, kikaachwa kimya, kwao ni chakula kilichoandaliwa.

"Mwidani alilijua hilo," alisema Kombe. "Tulizoea kumcheka siku za Ijumaa. Yule hakuwa akicheza. Alikuwa akitazama chini ya vyombo vyake."

Bi. Mapenzi akamwita Mwanasaumu aje aketi karibu naye, mbele ya watu wote.

"Na mimi nina la kusema," alianza. "Kila mchana nilipolala hapa, nyumba ikinyamaza, nilikuwa nasikia kitu kikichakarika huko nyuma ya kanga. Kidogo sana, kama mtu anayetafuna kitu kikavu. Nilisema ni makuti. Upepo ukikoma nilikuwa nasikia bado, na bado nikasema ni makuti. Nilitaka vikae kama alivyoviacha. Sikutaka kujua. Kwa hiyo, mwanangu, usiubebe mzigo huu peke yako."

Mwanasaumu aliweka kichwa chake pajani pa mama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kwa mama kumpapasa nywele.

Vilivyosalia vilikuwa viwili. Winchi haikuliwa, kwa sababu mchwa hawali waya, ila ilianza kushika kutu kwa hewa ya bahari. Basi lililokuwa juu ya kibao lilikuwa limeng'atwa magurudumu ya upande mmoja tu. Kombe aliyachonga mengine, akalisugua basi kwa mafuta ya taa, akaliacha barazani kivulini mpaka likakauka na harufu ikapungua. Winchi aliipaka mafuta mepesi kwa kitambaa. Aliuliza kama wangependa atengeneze feri nyingine, kwani ya kweli ipo, na yeye pia ana miguu ya kuipima.

"Ahsante, shemeji," alijibu Bi. Mapenzi. "Ukiitengeneza itakuwa feri nzuri. Lakini itakuwa ya Kombe."

Kombe aliafiki. Badala yake alitengeneza kabati dogo la mvule, mti ambao mchwa huukimbia, akalitia vioo vya dirisha kuukuu mbele na ubavuni ili mwanga uingie na vumbi lisiingie. Hakuliegemeza ukutani. Aliliachia nafasi ya kupitisha mkono nyuma yake, akaliweka mbali na dirisha, kwa kuwa jua kali hubabua rangi na kupasua mbao. Kila mguu aliusimamisha ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya mashine, mdudu asipate pa kupandia, na makopo akayazungushia ubao ili mtoto asiyapindue. Rafu ya basi ilikuwa juu kuliko mkono wa Rama, na mbele ya magurudumu alipigilia kijiti, gari lisibingirike. Pembeni wakatia kifuko cha karafuu kwa ajili ya mende. Kwenye rafu ya katikati, pana, pale ambapo feri ingekaa, Bi. Mapenzi aliweka bomba la moshi jekundu, peke yake. Wageni walipouliza, aliwaambia ukweli.

Ufunguo alipewa Mwanasaumu. Kazi yake ilikuwa kufungua kabati kila juma, kuinua kila chombo, kutazama chini yake na nyuma ya kabati, na kuongeza mafuta kwenye makopo. Mwanzoni alikagua kila kitu mara mbili. Baadaye alizoea, na mtu akizoea husahau.

Ulikuwa wakati wa mitihani. Juma moja lilimpita, na la pili. Alipoinama hatimaye kutazama makopo, moja lilikuwa limevuja polepole na kukauka kabisa. Na juu ya mguu wa kabati, mwembamba kama uzi, ulikuwepo mstari wa udongo. Ulikuwa umeshafika nusu ya mguu.

Mama alikuwa jikoni, akikuna nazi. Kitambaa kilikuwa mkononi mwa Mwanasaumu. Kuupangusa ule mstari kungemchukua kitambo kidogo tu, na mafuta yapo. Alisimama pale, akaukumbuka mwanguko wa lile bomba sakafuni. Akatoka mpaka jikoni.

"Mama, mchwa wamepanda mguu wa kabati. Kopo limekauka. Mimi ndiye niliyesahau, juma hili na lililopita."

Bi. Mapenzi aliacha mbuzi ya kukunia nazi, akaenda mbio chumbani. Alimgombeza Mwanasaumu huku akifungua kabati, akamgombeza akitoa basi, akamgombeza akilishika sikioni na kuligonga kwa kucha. Alisema mambo mengi, kwa sauti ambayo majirani waliisikia: kuhusu kusahau, kuhusu mitihani, kuhusu ufunguo aliopewa mtu mwenye akili zake. Waliupangusa mstari, wakafuata njia yake mpaka kwenye ufa wa sakafu, wakamwaga maji ya moto, wakajaza makopo yote manne. Basi halikuwa na alama hata moja.

Kazi ilipokwisha mama alikaa kitandani kuvuta pumzi, basi likiwa mapajani mwake. Mwanasaumu alisimama mbele yake, akingoja maneno mengine.

"Umezisikia kelele zangu?" aliuliza mama.

"Nimezisikia, mama."

"Zilikuwa kali?"

"Kali sana."

"Na sasa je?"

Mwanasaumu alisikiliza. Nje Rama alikuwa akiita kuku. "Sasa zimekwisha," alisema.

"Zimekwisha," alisema Bi. Mapenzi. "Kitu unachokipenda usikifunike ukakiacha, mwanangu. Kishike, kigeuze, ukijue kilivyo. Na ukiona kinaharibika, hata kama ni kwa kosa lako, njoo useme siku ile ile. Nitakugombeza, nawe utalia, na hayo yatapita." Akampa basi alirudishe mahali pake. "Na basi la baba yako hili hapa."